Nyekundu Inaishia Wapi? Maneno ya Rangi Katika Lugha za Kuundwa

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na ninyi mliokuja kwa sababu mna lugha yenu mnayoiunda usiku watu wakilala: habari za asubuhi. Mada niliyopewa ilikuwa msamiati. Msamiati ni mkubwa mno kwa mtu mmoja na kipaza sauti kimoja, kwa hiyo nimekata kipande, nacho ni maneno ya rangi.

Mtu akinionyesha lugha aliyoiunda, siendi kwanza kwenye sarufi. Sarufi watu huipamba. Naenda kwenye rangi, na mara nyingi nakuta orodha hii: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani, manjano, bluu, kahawia, chungwa, waridi, zambarau, kijivu. Maneno 11, kila moja na tafsiri yake pembeni. Mwenye lugha amehangaika na sauti, amebuni konsonanti ambazo koo langu haliziwezi, ameweka njeo nne za wakati uliopita; kisha alipofika kwenye rangi akachukua mipaka ya Kiingereza kama ilivyo. Hapo hajaunda msamiati. Amekibadilisha Kiingereza shati.

Ninachokuja kukitetea ni kwamba neno la rangi huanza na mpaka. Nani ameuchora, kwa kazi gani, na ni wapi ameuacha wazi. Ukishajibu hayo, kutafuta sauti ya neno ni kazi ya dakika chache.

Nuru yenyewe haina mipaka. Jicho la binadamu linaona mawimbi yenye urefu wa takriban nanometa 380 hadi 750, na katikati hapo hakuna mahali ambapo nyekundu inakoma na chungwa inapokea zamu. Ni mteremko mmoja mrefu. Isaac Newton alipopitisha mwanga wa jua kwenye prizimu, mwanzoni alihesabu rangi kuu 5. Baadaye akaongeza chungwa na nili zikawa 7, kwa kuwa alitaka zilingane na ngazi ya noti za muziki. Ile saba ya upinde wa mvua tunayowakaririsha watoto ina muziki ndani yake kuliko fizikia.

Na kwa kuwa nimetaja muziki, niwape ya pembeni kidogo. Mfaransa Jean-François Sudre aliunda lugha iitwayo Solresol, ambayo maneno yake yote yanatokana na silabi saba za noti: do, re, mi, fa, sol, la, si. Maelezo yake kamili yalichapishwa mwaka 1866, yeye akiwa amekwisha kufariki. Kwa kuwa silabi ni saba, lugha hiyo unaweza kuiimba, kuipiga kwa ala, au kuionyesha kwa rangi saba, do ikiwa nyekundu na fa ikiwa kijani. Ni wazo zuri sana mpaka umkumbuke mtu ambaye jicho lake halitenganishi nyekundu na kijani. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, watu wa namna hiyo ni takriban 1 kati ya 12. Kwao sentensi ya Solresol iliyoandikwa kwa rangi imejaa herufi pacha. Haya, turudi.

Mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay, wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, walitoa utafiti uliopitia lugha 98. Walisema lugha hazigawi rangi ovyo, kuna ngazi. Lugha yenye maneno mawili tu ya msingi ina la giza na la mwanga. Ikipata la tatu, litakuwa nyekundu. Kisha huja kijani au manjano, halafu ile iliyobaki, halafu bluu, halafu kahawia, na mwishoni lile kundi la zambarau, waridi, chungwa na kijivu. Walikosolewa, na kwa haki. Lugha walizozichunguza kwa kuhoji watu zilikuwa 20 tu, na wengi wa waliohojiwa waliishi eneo la San Francisco, wakizungumza Kiingereza kila siku. Ndiyo maana kuanzia mwaka 1976 uchunguzi mkubwa zaidi ulifanyika kwenye lugha 110, nyingi zikiwa hazina maandishi, wasemaji wakionyeshwa vipande 330 vya rangi huko huko wanakoishi. Ngazi ililegea, ikapata matawi na vighairi, lakini haikuanguka.

Nisingewachosha na Berlin na Kay kama Kiswahili chenyewe kisingekuwa shahidi. Vivumishi vya rangi vinavyokubali upatanisho wa ngeli kwetu ni vitatu tu: -eupe, -eusi, -ekundu. Ukuta mweupe, kiti cheusi, maua mekundu. Bluu haikubali hata ukiilazimisha, utasema kiti cha bluu na kuishia hapo. Hivyo vitatu ndivyo vya chini kabisa kwenye ngazi. Tena ndivyo pekee vyenye tanakali zake: nyeupe pe, nyeusi ti, nyekundu ndu. Hebu ipe zambarau tanakali yake. Mnaona mlivyonyamaza?

Zilizobaki tumeziokota kutoka kwenye vitu. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, manjano ni kiungo, chungwa na zambarau ni matunda, waridi ni ua, samawati imeshuka kutoka mbinguni kwa njia ya Kiarabu. Yaani katika orodha moja mna tabaka mbili: maneno makongwe, mafupi, yaliyozama ndani ya sarufi, na maneno machanga ambayo bado yana harufu ya kitu yalikotoka. Lugha iliyoishi huwa hivyo. Kwa hiyo mwundaji akizipa rangi zote 11 mizizi ya silabi mbili mbili inayofanana urefu, mimi nasoma pale kwamba watu wake walizaliwa wote siku moja, jioni, wakiwa na akili timamu.

Aliyelijua hili vizuri ni J.R.R. Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, ambaye kazi yake ya mshahara ilikuwa isimu. Katika Kisindarin, mojawapo ya lugha alizowaundia Waelfu, watu wa kubuniwa wa hadithi zake, kijani ni calen. Ukifuata mzizi wake unafika kwenye kal-, kung'aa. Lilikuwepo neno jingine la kijani, laeg, lakini calen likalisukuma pembeni likabaki nadra. Kwa hiyo neno la mwangaza liliteleza taratibu mpaka likawa neno la majani, na neno la zamani likazeeka. Hakuna msomaji aliyemwomba Tolkien afanye hivyo. Ila ukikutana na kijani ile kwenye jina la mahali, unahisi kuna waliokuwa wanalitamka kabla yako.

Msije mkadhani ninaidharau kila orodha ya Kizungu. L. L. Zamenhof alipotoa Kiesperanto mwaka 1887 kule Warsaw, hakuwa anabuni watu wa kale. Alitaka lugha ambayo karani, mwanafunzi na fundi wangeishika haraka, na wengi wa aliowalenga walikuwa tayari na lugha za Ulaya kichwani. Kwake blanka, nigra, ruĝa, verda, blua, flava ni uamuzi sahihi, kwa sababu kila neno lingemkumbusha mtu kitu. Ubunifu wake aliuweka kwenye sarufi. Chukua mzizi ruĝ-. Ukiongeza -a unapata kivumishi, -o unapata jina la rangi, ruĝiĝi ni kugeuka mwekundu, ruĝigi ni kukifanya kitu kiwe chekundu, ruĝeta ni wekundu kidogo tu. Na unaweza kuifanya rangi iwe kitenzi moja kwa moja: la herbejo verdas, mbuga inakuwa na ukijani wake, iko kwenye tendo la kuwa kijani. Watunzi wa mashairi ya Kiesperanto wameila asali hiyo vya kutosha.

Jambo jingine lililonifurahisha ni alipojizuia. Kiesperanto kina kiambishi mal- kinachogeuza maana: varma ni moto, malvarma ni baridi. Kwa mantiki hiyo nyeusi ingeweza kuwa malblanka, na neno moja lingepungua kwenye orodha. Zamenhof akaacha nigra iwe neno lake lenyewe. Sawa kabisa. Kinyume cha nyeupe kikiwa fumbo la kufumbua kila unapotaja usiku, hiyo ni adhabu.

Kilojban ni habari nyingine. Kilizaliwa mwaka 1987 kutokana na Loglan, mradi alioanza James Cooke Brown mwaka 1955 kwa nia ya kupima kama lugha inaelekeza fikra za msemaji. Mizizi yake ilipikwa kwa hesabu, kwa kulinganisha sauti za Kichina, Kiingereza, Kihindi, Kihispania, Kirusi na Kiarabu. Rangi zake ni xunre nyekundu, crino kijani, blanu bluu, pelxu manjano, na kadhalika. Lakini ukishuka chini kwenye orodha ya mizizi unakuta cicna na nukni. Cicna ni ile bluu inayoelekea kijani, nukni ni ule wekundu wenye uzambarau. Waliowahi kufungua mashine ya kuchapa wamekwisha kutabasamu: pamoja na manjano na nyeusi, hizo ndizo wino za printa. Lugha iliyokusudiwa isiegemee utamaduni wowote ikawaanika waundaji wake kwa maneno mawili, watu wa kompyuta na karatasi. Wala siwalaumu. Kila orodha ya rangi inamwanika mtu, afadhali ajue.

Kilojban kina funzo jingine ambalo huwa nalitumia darasani. Mfano maarufu wa kuunganisha maneno mawili ni blanu zdani. Blanu ni bluu, zdani ni nyumba au kiota. Tunaharakisha kusema nyumba ya bluu. Sarufi lakini inadai kitu kimoja tu: ni nyumba, na ina uhusiano fulani na ubluu. Inaweza kuwa imepakwa bluu. Inaweza kuwa ghala la vitu vya bluu. Inaweza kuwa makazi ya watu waliopakwa bluu mwili mzima. Lugha inayosifika kwa kukataa utata katika muundo imeuacha mlango huu wazi makusudi, kwa sababu uhusiano kati ya rangi na kitu haukuwahi kuwa mmoja. Rangi iko nje, au ndani, au inatoka kwa muda, au ni alama ya mwenye kitu. Nani miongoni mwenu amewahi kulifikiria hilo kabla ya kuandika kwamba kivumishi hufuata nomino?

Sasa twende kwa waliochora mipaka yao wenyewe. Marc Okrand alichapisha kamusi ya Kiklingoni mwaka 1985, kwa ajili ya viumbe wa Star Trek, tamthilia na filamu za safari za angani. Rangi za msingi ni nne, na zote ni vitenzi: qIj, kuwa nyeusi, chIS, kuwa nyeupe, Doq, kuwa nyekundu au chungwa, SuD, kuwa kijani, bluu au manjano. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kukaa nayo. Kijani na bluu kukaa chumba kimoja ni jambo la kawaida duniani. Manjano kuingia humo ni nadra, maana kwa kawaida manjano huelekea upande wa nyekundu, upande wa moto. Okrand alijua ngazi ikoje akaipinda kidogo tu mahali pamoja, kiasi cha kumfanya msemaji wa kibinadamu ajikwae. Akitaka kubainisha, Mklingoni huongeza mfano: SuD 'ej chal rur, ni SuD na kinafanana na mbingu. Mpaka ulioachwa mpana unafungwa kwa kitu, pale tu inapobidi.

Paul Frommer alifanya jambo la karibu na hilo katika Kina'vi, lugha ya viumbe wa filamu ya Avatar iliyotoka mwaka 2009. Ean ni bluu na kijani kwa pamoja. Wana'vi wenyewe wana ngozi ya bluu na wanaishi katika msitu wa kijani, kwa hiyo hizo ndizo rangi mbili wanazoziona mchana kutwa, na ndizo walizozifunga kwenye neno moja. Mtu akihitaji kutenganisha atasema ean na ta'leng, ean kama ngozi, au ean na rìk, ean kama jani. Nawaomba mlitazame hilo la ngozi. Mwanafunzi wangu mmoja, mzuri tu, aliwahi kuandika lugha ya viumbe wa chini ya maji ambao bluu yao aliiita "rangi ya anga". Anga ipi? Hao hawajawahi kutoa kichwa juu. Kitu unachokitolea mfano lazima kiwe mbele ya macho ya msemaji, na ngozi yake mwenyewe haimkimbii.

Mpaka hapa, hata hawa mabingwa wamebaki ndani ya dhana moja, kwamba neno la rangi linataja rangi peke yake. Mwaka 1858 William Gladstone, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza, alishangaa kwamba Homer, mshairi wa Wayunani wa kale, anaiita bahari yenye sura ya divai na karibu hataji bluu. Akakisia kwamba Wayunani wa kale hawakuwa na hisia ya rangi iliyokomaa. Macho yao hayakuwa na kasoro yoyote. Maneno yao yalikuwa yanapima kitu kingine zaidi, mng'ao na giza na mwendo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Wahanunoo wa kisiwa cha Mindoro, Ufilipino. Harold Conklin aliandika juu yao mwaka 1955. Wana maneno manne ya juu: mabiru la giza, malagti la weupe na mwanga, marara la wekundu, malatuy la ukijani. Ukiishia hapo utasema ni lugha ya hatua fulani kwenye ngazi, ukafunga daftari. Conklin hakufunga. Alionyeshwa pande la mwanzi lililokatwa muda huo, lina maji na linang'aa, rangi yake kahawia. Kwa mtu wa vipande vya rangi, kahawia iko karibu na nyekundu, basi liwe marara. Wenyewe wakasema malatuy. Kwa sababu malatuy ni ubichi, ni utomvu, ni kitu ambacho bado kina uhai ndani, na marara ni ukavu. Mstari wao ulipita kati ya mbichi na kikavu, na kijani na nyekundu zikaangukia huku na huku kwa kuufuata mstari huo.

Na sisi tusijifanye wageni hapa. Tunaposema kijani kibichi, neno -bichi linatoka wapi? Ndilo lile la kuni mbichi, samaki mbichi, kidonda kibichi. Hatusemi kwamba ukijani ule haujapikwa. Tunasema una maji ndani. Rangi yetu nyingine hukoza, nyingine hupauka, nyingine hufifia, na vitenzi hivyo vinaeleza hali ya rangi, ilikotoka na inakoelekea. Mwundaji mwenye masikio angeweza kujenga mfumo mzima juu ya kukoza na kupauka bila kutaja nyekundu hata mara moja. Nangoja siku nitakayouona.

Sasa Toki Pona, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu najua nusu ya ukumbi huu wanaizungumza. Sonja Lang aliitoa mwaka 2001, ikiwa na maneno kama 120 tu kwa ajili ya dunia nzima. Katika hayo 120, matano alipewa rangi: walo nyeupe, pimeja nyeusi, loje nyekundu, jelo manjano, laso bluu na kijani. La sita, kule, ni rangi kwa jumla. Wanaoijua kwa juu juu humwona kama mtu aliyefyeka. Kumbe mfumo wa giza, mwanga, nyekundu, manjano, na moja ya kijani na bluu ni mmojawapo wa mifumo inayoonekana mara nyingi zaidi katika zile lugha 110. Kati ya orodha zote nilizotaja leo, hii ya lugha ya kuchezea ndiyo yenye ndugu wengi duniani.

Hata mizizi aliichagua kwa makini. Laso imetoka kwenye glas ya Kiwelisi, neno ambalo leo ni bluu lakini bado limo ndani ya glaswellt, nyasi. Pimeja imetoka kwenye neno la Kifini la giza, na ugiza huo haukubaki nyuma: pimeja ni kitu cheusi, na ni mahali pasipo na mwanga, na ni kivuli. Neno lilikuja na mpaka wake.

Tazameni linavyofanya kazi. Kuna shati la zambarau mezani. Katika Toki Pona kinachoelezea hufuata kinachoelezewa, kwa hiyo msemaji wa kwanza anasema loje laso, nyekundu iliyoelekea ubluu. Wa pili anasema laso loje. Wote wawili wako sawa kisarufi, na tofauti yao ni kwamba kila mmoja ametangaza amelisimamia shati lile upande gani. Wa tatu hapendi michanganyo, anasema kule kili, rangi ya tunda, na kukuachia wewe ujue ni tunda gani. Wa nne hataji zambarau kabisa, kwa sababu mashati yako mawili na jingine ni jeupe, inatosha kusema lile lisilo walo. Huyo wa nne ndiye msemaji mzuri kuliko wote.

Wapo wanaotaka michanganyo iwekwe rasmi: laso jelo iwe kijani, loje walo iwe waridi, zikaririwe hivyo. Hapo mimi nasimama upande wa pili. Laso jelo ukiifunga kuwa kijani, umerudisha ile orodha ya 11 kwa mlango wa nyuma, tena kwa maneno marefu zaidi. Afadhali laso kasi, laso ya mimea, mtu akihitaji. Kesho akihitaji laso ya ukungu wa shaba, atasema hivyo.

Basi tuunde pamoja, tuone. Nimewachagulia watu ambao maisha yao yote ni kufua chuma. Chuma kikipashwa, karibu na nyuzi 500 za Selsiasi kinaanza kutoa wekundu hafifu unaoonekana gizani tu. Kwenye 800 hivi ni chekundu hasa, karibu na 1,000 kinaelekea chungwa, kwenye 1,100 ni cha manjano, na kwenye 1,300 ni cheupe kinachoumiza macho. Kwa mfua chuma hizo ni saa za kufanya kazi: hapa piga, hapa pinda, hapa kitaharibika. Kwa hiyo rangi zao ni vitenzi, na ziko kwenye mstari mmoja. Moru: hakijawaka. Humo ndani mna nyeusi, bluu ya usiku, kijani cha kivulini. Keta: kimewaka, kutoka wekundu wa kwanza mpaka chungwa. Fei: kimezidi, manjano na nyeupe pamoja. Mtu mwenye hasira ameketa. Mchana umefei.

Lakini chuma kina rangi za aina ya pili. Feleji iliyozimwa majini huwa ngumu mno na rahisi kukatika, hivyo husuguliwa ikang'aa na kupashwa tena taratibu. Karibu na nyuzi 225 inaota rangi ya majani makavu, ikifika 255 ni kahawia, 280 ni zambarau, 300 ni bluu. Hiyo haitoki kwenye mwanga wa moto. Ni ngozi nyembamba sana ya oksaidi inayokua juu ya chuma, na unene wake ndio unaobadilisha rangi. Watu wetu hawawezi kuiita keta wala fei. Inahitaji neno lake, tuseme ilu: rangi iliyokaa juu, inayoteleza ukigeuza kichwa. Humo mnaingia manyoya ya ndege wengine, mafuta juu ya maji, jeraha la ngumi siku ya tatu.

Sasa tazameni kilichotokea kwa manjano. Manjano ya chuma cha nyuzi 1,100 ni fei. Manjano ya feleji ya nyuzi 225 ni ilu. Ukimwekea msemaji wetu kipande cha karatasi cha manjano na kumwuliza kinaitwaje, hatakijibu. Atakuuliza kinawaka au kimepakwa. Vile vipande 330 havina jibu la swali lake, kwa kuwa vyote vimetengenezwa na mtu aliyeamini rangi ni kitu kimoja.

Na jani bichi, juani, saa sita? Sijaliamua. Si la kuwaka, wala halitelezi, wala si moru kwa mwanga ule. Wengine mtasema tuwaongezee neno, wengine mtasema wao huliita jani tu na maisha yanaendelea. Karatasi za rangi ziko kwenye meza za mbele pamoja na kalamu. Kaeni wanne wanne, kila mtu achore mpaka wa moru bila kumtazama mwenzake, kisha mwekeane juu na mbishane. Mkimaliza nitapita kukusanya. Ahsanteni.